Arusi ya Bonasi na Mvua ya Mawe

Juma hili nalikusudia kuandika juu ya mbegu za viazi, lakini nimeziweka kando, maana nimepokea barua ya kijana mmoja, mkulima wa chai wa upande wa Kapkatet, nayo si barua ya kuwekwa sandukuni ikangoja. Aeleza kwamba koito yake ilifanyika vizuri, wazee wakapatana, siku ya arusi ikatangazwa kanisani na katika kokwet nzima. Mambo yote aliyategemeza juu ya bonasi. Sasa bonasi imetoka, nayo haifiki nusu ya ile aliyoihesabu. Aniuliza mambo matatu: Je, aahirishe arusi? Je, akope? Au auze mtamba aliyemwahidi baba mkwe, alipie hema na chakula, kisha amtafutie mzee ng'ombe mwingine baadaye pasipo kumwambia?

Hilo la tatu nitalijibu kwanza, nalo lina jibu fupi: la hasha. Mengine mawili yataka maelezo, na sina maelezo bora kuliko kusimulia yaliyotupata sisi nyumbani mwaka 2019, wakati ndugu yangu mdogo alipooa, nami nikawa karani wa kamati ya arusi.

Kwa ajili ya wasomaji wasiotoka katika nchi ya chai, sharti niseme kwanza bonasi ni nini. Mkulima mdogo hupeleka majani yake kituoni, yakapimwa, naye hulipwa kila mwezi kiasi fulani kwa kilo. Kisha hesabu za mwaka zikifungwa mwisho wa Juni, kiwanda hutazama chai iliuzwa kwa bei gani, na karibu na Oktoba mkulima hupata malipo ya pili. Ndiyo hayo tuyaitayo bonasi. Ndivyo ilivyokuwa chini ya KTDA tangu ilipoundwa mwaka 1964 ikiwa shirika la Serikali, na ndivyo ilivyoendelea baada ya mwaka 2000 ilipogeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe. Kwa hiyo mtu wa Litein au Mogogosiek husema, “Nitajenga bonasi ikitoka,” “Nitalipa karo bonasi ikitoka,” na aliye na mchumba husema, “Nitaoa bonasi ikitoka.” Lakini bei ya chai hufanywa katika mnada wa Mombasa, wala mnunuzi wa mnadani hajui kwamba wewe una mchumba. Mwaka 2019 bonasi ilishuka sana kuliko ile ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2025 pia wakulima wengi wa upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa walinung'unika kwa sababu iyo hiyo.

Basi, koito ya ndugu yangu ilikuwa mwezi wa Agosti, 2019, kwao msichana, upande wa Longisa. Wazee walianza panapopaswa kuanza, yaani kuulizana oret, maana watu wa ukoo mmoja hawaoani. Na kuulizana habari za ibinda, maana mtu haoi binti wa mwanaume wa rika lake. Vijana wa siku hizi huona maswali haya kuwa maneno ya kupoteza wakati. Mimi nayaona ndiyo kazi yenyewe ya siku ile, na hayo mengine, keki na vipaza sauti na mashati ya rangi moja, ni mapambo. Nimehudhuria koito za mjini ambazo zilikuwa kubwa kuliko arusi, watu wakarudi nyumbani wakiusifu muziki, wala hapana aliyeweza kuniambia ni ng'ombe wangapi waliopatanwa.

Sisi tulipatana ng'ombe sita. Bibi Monique Borgerhoff Mulder, mtaalamu aliyekaa na Wakipsigis wa Abosi mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliandika kwamba mahari ya kawaida wakati ule ilikuwa karibu ng'ombe sita, mbuzi au kondoo sita, na shilingi 800. Kwa hiyo wazee wa Longisa hawakutuonea hata kidogo. Watatu tuliwatoa, wawili wangetolewa pole pole, na wa sita, mtamba mwenye mimba, tuliahidi kumfikisha kabla ya siku ya kanisa. Tulikunywa mursik, tukaimba, tukarudi usiku kwa furaha.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kamati ilikutana kila Jumapili jioni chini ya mti karibu na kituo cha kununulia majani. Mimi ndimi niliyeshika daftari. Jirani akisimama na kusema, “Mimi natoa elfu tano,” niliandika 5,000. Mwingine akiweka noti mezani, niliandika vile vile, katika mstari ule ule. Kila Jumapili nilisoma jumla, watu wakapiga makofi. Mwishoni mwa Septemba jumla yangu ilikuwa shilingi 238,000. Jumla nzuri sana! Katika fedha hizo, zilizokuwa mkononi mwa mtunza fedha ni 61,000, nyingine zote zilikuwa “bonasi ikitoka.” Nami nimefanya kazi ya hesabu katika ofisi ya Serikali miaka kadhaa, na kama karani mwenzangu angaliniletea kitabu cha namna ile ningalimrudishia kwa aibu.

Bonasi ilipotoka mwezi wa Oktoba, watu wawili walikuja kunieleza kwa uungwana kwamba hawataweza. Wengine hawakuja, walianza tu kupita njia nyingine. Sikuwalaumu. Mtu aliyepata nusu ya alichotazamia ana watoto wa shule kabla ya kuwa na arusi ya jirani. Lakini mimi sikuwaambia wazee. Jumapili tatu mfululizo nilisoma jumla ile ile ya zamani, kwa maana niliona haya, tena nilijidanganya kwamba Mungu angefungua njia. Siku ilikuwa imekwisha tangazwa: Jumamosi, tarehe 14 Desemba.

Majuma matatu kabla ya siku hiyo, mwenye mahema akataka arbuni. Hapakuwa na arbuni. Ndipo ndugu yangu aliponifuata ofisini, akanifungia mlango, akanionyesha simu yake. Alikuwa amekwisha kukopa mahali pawili kwa njia ya simu, fedha za kulipwa kwa siku thelathini, na alitaka kukopa mahali pa tatu ili alipe pale pa kwanza. Halafu akasema maneno haya haya ya kijana wa Kapkatet: “Tumwuze yule mtamba. Mzee hatajua mpaka Krismasi.”

Namshukuru bibi yetu, mama yake baba, ambaye sisi twamwita kogo. Sijui alisikia kwa nani. Jioni ile alituita wote wawili jikoni akauliza mtamba yuko wapi. Tukasema yuko. Akasema, “Basi msimguse. Mwiteni mzee fulani, mwende naye Longisa kesho, mkaseme.” Nikamwambia, “Kogo, tutaona aibu.” Akanijibu kwamba aibu imekwisha kufika, imeketi humo ndani ya daftari yangu, imebaki kuchagua tu itatokea kwa mlango gani.

Tulikwenda. Kwa desturi yetu kijana haendi kwa wakwe peke yake kusema jambo zito. Huenda na mzee, na mzee ndiye asemaye. Tulikaribishwa, tukaketi, tukapewa mursik. Mzee wetu hakuanza na fedha. Aliuliza habari za mvua, za mahindi, za wagonjwa. Kisha akaeleza mambo yote kama yalivyokuwa: bonasi, ahadi zilizopotea, hata mikopo ya simu. Mimi nalitazama chini. Baba yake msichana hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Yule mtamba mna naye?” Tukasema tunaye. “Mimba yake ni ya miezi mingapi?” Tukasema mitano. Akasema, “Basi akae kwenu, azae huko huko. Binti yangu atahitaji maziwa. Mtaniletea mama na mtoto njia zikikauka.”

Nafikiri mara nyingi juu ya jibu lile. Kama tungalimwuza, lile swali lake la kwanza tungalilijibu nini?

Lakini nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa asali. Mama yake msichana hakuwa mpole kama mumewe. Alisema ng'ombe ni shauri la wanaume, lakini wanawake wa kwao hawatapanda lori kama magunia. Basi tuliloahidi lije, na blanketi za bibi wawili zije. Tena alikuwa na haki. Tulirudi na kukata mengine: mahema matano yakawa mawili, magari ya kupambwa yakawa moja, keki ikawa ndogo, na yule mpiga muziki wa kutoka mjini tukamwomba radhi kwa simu. Basi na blanketi hatukuvigusa. Daftari nilianza upya, kurasa mbili zinazotazamana: upande wa kushoto “Ahadi,” upande wa kulia “Mkononi.” Jumapili iliyofuata nilisoma upande wa kulia tu. Hapana aliyepiga makofi, lakini baada ya mkutano wanawake watatu walinifuata, mmoja akaahidi kuku wanane, wa pili mkungu wa ndizi na kuni, wa tatu gunia la viazi. Vyote vilifika. Nimeona tangu siku ile kwamba mkulima asiye na fedha mara nyingi ana chakula, ila haoni vema kukitaja mahali panapotajwa maelfu.

Sasa nije katika siku yenyewe. Wasomaji wa Kericho na Bomet watakumbuka mvua za mwisho wa mwaka 2019, jinsi zilivyonyesha katika Afrika ya Mashariki nzima bila kupumua. Kwetu huku vilimani mvua ya kawaida hupenda kuja baada ya saa sita za mchana, wakati mawingu yatokayo upande wa Ziwa yanapopanda. Ndiyo maana mtu wa kwetu mwenye akili hupanga ibada saa tatu asubuhi. Sisi tulipanga saa tatu. Lakini mwaka ule mvua haikujua saa. Basi la wakwe liliondoka Longisa kabla ya mapambazuko, likapita Bomet, Kaplong na Kapkatet pasipo shida, maana huko ni lami. Lilipoacha lami na kushika kilima cha kwenda kanisani, magurudumu yakazama katika udongo mwekundu, likalala pale kama ng'ombe mgonjwa.

Bibi arusi alikuwa ndani ya gari lile moja lililopambwa, nyuma ya basi, wala halikuweza kupita. Kanisa lilikuwa karibu nusu maili mbele. Tulisimama kwenye matope tukishauriana, wanaume kumi, na kila mmoja alikuwa na shauri lake la kamba na mawe. Wakati huo wanawake wachumaji wa chai walikuwa wakitoka shambani. Hawakuuliza kitu. Mmoja alivua mabuti yake ya mpira akampa bibi arusi, akabaki pekupeku. Wengine wakafungua aproni zao za plastiki, zile za kujikinga na umande wa chai, wakamfunga moja mbele, moja nyuma, moja mabegani, mpaka gauni jeupe lisionekane. Kisha wakaanza kuimba, wakamtangulia kupanda kilima. Picha nzuri kuliko zote za arusi ile si ya kanisani. Ni ile ya bibi arusi amevaa aproni tatu na mabuti yasiyolingana na miguu yake, anacheka. Iko ukutani kwao hata sasa.

Ibada ilianza saa tano. Mchungaji hakukasirika.

Saa nane hivi, watu wakiwa wameketi kula, ikaja mvua ya mawe. Wataalamu wa hali ya hewa waijua sana Kericho kwa mvua hiyo. Kuanzia mwaka 1967, kwa miaka kadhaa, ndege zilirushwa juu ya mashamba makubwa ya chai kuyatia mawingu dawa ili mawe yapungue. Siku ile hatukuwa na ndege. Hema la kwanza lilipasuka katikati, maji na mawe yakaingia katika wali. Hapo watu wangaliweza kutawanyika, na arusi ikawa hadithi ya kuchekwa. Lakini mtu mmoja alipaza sauti, “Kituoni!” Tukabeba sufuria, mabenchi na wazee, tukakimbilia banda la kituo cha majani, pale pale tulipofanyia mikutano yetu. Bwana arusi na bibi arusi waliketi chini ya mizani. Karani wa kituo alisema kwa mzaha kwamba atawapima na kuwaandikia risiti. Chakula kilitosha, kwa sababu ya kuku na viazi.

Jioni tulipofika nyumbani palikuwa na shauri jingine. Kwa desturi, bibi arusi hakubali kuingia nyumba ya mumewe bure. Husimama, hunyamaza, mpaka wazazi wa mume wamwahidi mnyama. Tena hukataa kuketi, hukataa kula, na kila mara huahidiwa. Mvua ilikuwa bado yanyesha. Wengine walisema msichana amechoka, aingie tu, desturi isamehewe kwa leo. Kogo akasema hapana: siku ya taabu ndiyo siku ya kumheshimu mtoto wa watu. Basi mama yangu akatoka mvuani akaahidi kondoo jike, baba akaahidi mbuzi, nami kwa kosa la daftari nikaahidi ndama. Akaingia. Usiku ule wazee wawili wakawafunga segutiet, lile jani la nyasi, mikononi, wakawabariki. Najua wako wahubiri wanaokataza jambo hili, na wako wanaoliruhusu. Mchungaji wetu aliambiwa mapema, akanyamaza, nasi tukauchukua ukimya wake kuwa ruhusa.

Lakini hata leo nikiulizwa ni jambo gani lililoharibika katika arusi ile, sitaji mawe wala matope. Mjomba wetu, ndugu yake mama, hakutajwa katika orodha ya watu wa kuketi mbele. Orodha niliiandika mimi, nikaikata mara mbili tulipopunguza mahema, na jina lake likapotea. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa. Bila neno lake jambo la mtoto halikamiliki. Alisimama nyuma, akala, akaondoka bila kuaga. Tulikusudia kwenda kumwomba radhi wakati wa Pasaka. Mwezi wa Machi, 2020, ikaja korona, mikusanyiko ikakatazwa, na wazee tukaogopa kuwatembelea. Tulipofika kwake hatimaye alitupokea vizuri, akatupa chai. Lakini hajapata kumwita ndugu yangu kwa lile jina la utani alilompa utotoni. Hema lililopasuka lilishonwa.

Na korona yanirudisha kwenye swali la kuahirisha. Mwezi wa Novemba, 2019, nusu ya kamati yetu ilitaka arusi isogezwe mpaka Aprili, 2020, fedha zikusanyike. Jirani zetu wengine walifanya hivyo. Tena hawakukosea kwa akili. Lakini Aprili ilipofika hapakuwa na arusi ya watu wengi mahali popote katika Kenya, na baadhi yao hawajafanya mpaka leo, wanaishi pamoja na watoto wawili. Yule mtamba wetu alizaa mwisho wa Machi. Mwezi wa Mei tulimpeleka Longisa na ndama wake kwa lori, watu wawili tumefunga vitambaa puani, tukasalimiana na wakwe kwa mbali.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Kapkatet, nakujibu hivi. Usikope kwa simu kulipia chakula cha siku moja. Deni la siku thelathini litakukuta ungali ukila keki iliyobaki. Usiahirishe kwa sababu ya mahema. Ikiwa ni lazima kuahirisha, iwe kwa sababu nyumba mbili zimekaa zikakubaliana, wala isiwe kwa sababu wewe umejificha. Na uijue sheria kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yasema kwamba panapotakiwa mahari kuthibitisha ndoa ya desturi, sehemu ndogo ya kuonyesha nia yatosha. Basi ng'ombe anayechelewa havunji ndoa. Sheria hiyo hiyo yataka ndoa ya desturi ijulishwe kwa Msajili katika miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, jambo ambalo wengi hulisahau wakikunja mahema. Tena yasema kwamba ahadi ya kuoa si kifungo, lakini aliyepata hasara kwa sababu mwenziwe amekataa kuitimiza aweza kudai fidia. Sikwambii haya ukamtishe mtu, bali ujue kwamba upande wa pili nao wametumia fedha zao kwa ajili ya siku hiyo.

Tafuta mzee anayejua kusema pole pole, mwende. Orodha ya wageni uisome mbele ya mama yako kabla ya kuikata.

Jambo moja zaidi. Barua yako ina kurasa tatu, nami nimeisoma mara mbili. Umeandika juu ya bonasi, mtamba, hema, baba mkwe, hata juu ya bei ya mchele. Hukuandika neno hata moja juu ya msichana mwenyewe, kama amekwisha kujua na asemaje. Mwulize leo, kabla hujamtafuta yule mzee, kisha uniandikie.